KUSOMA UBAVU WA TAIRI

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: jinsi ya kuchagua matairi ya motokaa yenye mwendo, kwa bei tunayoimudu

Somo letu la leo ni la kusoma, lakini hatutasoma kitabu. Tutasoma tairi. Wewe uliyesikia somo hili redioni, soma tena polepole. Na wewe uliyekosa kusikia, anza hapa. Ikiwa darasa lenu laweza kupata tairi moja kuukuu kutoka kwa fundi wa pancha, lilazeni katikati ya chumba, kwa maana karibu kila alama nitakayoitaja huandikwa ubavuni mwa tairi.

Najua wengine watauliza: sisi na motokaa za mbio wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Lakini tazameni barabara zetu. Zile motokaa za chini zenye injini ya nguvu, kama vile Toyota Altezza na Subaru Impreza, zimeletwa kwa wingi kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, na wengi wanaozipenda ni vijana wetu. Kijana hujikusanyia fedha kwa miaka, hununua gari, na siku anayolipata mfuko huwa mtupu. Miezi michache baadaye matairi yamekwisha. Hapo ndipo huenda kwa muuzaji wa matairi ya mitumba akachukua yaliyo rahisi kuliko yote. Motokaa inayoweza kukimbia kilometa 200 kwa saa sasa inasimama juu ya mpira ambao hakuna aliyeusoma. Kijana huyo aweza kuwa mwanao, au mdogo wako, au dereva aliyekupa lifti. Na huenda fedha za matairi atakuja kukuomba wewe.

Viganja vinne

Kwanza tufahamu kazi ya tairi. Motokaa kama Altezza ina uzito wa kilo 1,300 na zaidi kabla watu hawajaingia. Uzito huo wote haugusi barabara ila mahali panne, na kila mahali ni padogo, kiasi cha kiganja cha mkono wa mtu mzima. Injini ikivuta, huvuta kwa viganja hivyo. Breki zikishika, hushika kwa viganja hivyo. Ukikata kona, ni viganja hivyo vinavyozuia gari lisiende mtaroni. Mtu aweza kununua breki za thamani kubwa mno, lakini breki husimamisha gurudumu tu. Kinachosimamisha gari ni mpira.

Tena yapasa tukumbuke hesabu ya mwendo. Dereva anayekwenda kilometa 100 kwa saa hudhani anahitaji nafasi mara mbili ya yule wa kilometa 50 ili breki zimsimamishe. Sivyo. Mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya kusimama huzidi mara nne. Kama wa kwanza breki zinamsimamisha kwa meta 15, wa pili atahitaji kiasi cha meta 60, nao wote wana matairi mazuri kwenye barabara kavu. Ndiyo sababu motokaa yenye mwendo haiwezi kuvalishwa tairi lolote lile. Si kwa ajili ya fahari.

Na wakati wa masika? Tuchukue tairi lenye upana wa milimita 215, mwendo wa kilometa 80 kwa saa, na maji yaliyosimama juu ya lami kwa kina cha milimita 3 tu. Kwa mwendo huo tairi husafiri meta 22 kila sekunde. Piga hesabu ya upana, kina na meta hizo, utaona kwamba kila tairi la mbele lapaswa kuondoa yapata lita 14 za maji kwa kila sekunde moja. Hizo ni zaidi ya nusu ya ndoo kubwa ya lita 20, kufumba na kufumbua. Maji hayo hupita katika ile mifereji iliyo kati ya kashata. Kashata zikiisha, yaani tairi likiwa kipara, maji hayana njia. Tairi hupanda juu yake na gari huelea kama mtumbwi. Dereva hugeuza usukani, nalo gari halimsikii.

Tairi la joto na tairi la baridi

Katika nchi za Ulaya, na katika sehemu za Japani kama kisiwa cha Hokkaido, watu wengi huwa na matairi ya namna mbili nyumbani. Majira ya baridi yakiingia huvua yale ya joto na kuvalisha yale ya baridi. Theluji ikiisha hubadili tena. Hawafanyi hivyo kwa kupenda gharama. Mpira ni kitu cha kugeuka kwa joto na baridi, kama siagi au samli. Tairi la majira ya joto limechanganywa ili libaki imara barabara ikipata moto, lakini joto likishuka chini ya digrii 7 hivi za sentigredi, mpira wake huanza kukakamaa na kushika vibaya. Tairi la majira ya baridi limechanganywa ili libaki laini hata kwenye barafu. Na uso wake umechanjwachanjwa vichanio vyembamba vingi, kana kwamba mtu ameukatakata kwa wembe, ili ung'ang'anie theluji.

Sasa lichukue tairi hilo la baridi ulilete Dar es Salaam mwezi wa Februari. Lami inawaka. Mpira uliokusudiwa barafu unakuwa laini kupita kiasi. Kashata zinayumba chini ya gari, usukani unakuwa mzito wa kuitika, nafasi ya kusimama inaongezeka, na tairi linalika upesi mno. Hata hivyo matairi ya namna hii hufika kwetu. Mwenyewe kule ng'ambo ameyavua, yamekusanywa pamoja na mengine, yameingia kwenye kontena. Kwa macho yaonekana mapya kabisa: kashata zake ni ndefu, kwa sababu ndivyo yalivyotengenezwa tangu mwanzo.

Utayatambuaje? Tafuta ubavuni picha ndogo ya mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji iliyo kama nyota. Hiyo ni alama ya tairi lililojaribiwa kwenye theluji. Mengi yaliyotoka Japani huandikwa pia STUDLESS. Alama ya M+S, yenye maana ya matope na theluji, peke yake haitoshi kukata shauri, maana huandikwa hata kwenye matairi ya majira yote na ya magari ya porini. Lakini ukiona M+S pamoja na ule mlima na vile vichanio vya wembe, mwachie muuzaji tairi lake.

Basi kwa motokaa yenye mwendo hapa kwetu, tairi la majira ya joto ndilo lenyewe. Neno hilo lisikudanganye ukadhani ni tairi la siku za jua tu. Huko Ulaya mvua hunyesha hata wakati wa joto, na tairi zuri la namna hii hushika vizuri sana kwenye barabara iliyolowa, mradi si ya barafu. Wenzetu wa Njombe na Makete wanajua asubuhi za Juni na Julai zinavyouma. Wao waendeshe taratibu kwa kilometa za kwanza mpaka matairi yapate joto. Hawana haja ya tairi la theluji.

Msitari mkubwa wa namba

Sasa twende kwenye kusoma kwenyewe. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni hivi: 215/45R17 87W.

Namba ya kwanza, 215, ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili, 45, si milimita. Ni sehemu katika mia: kimo cha ubavu ni sehemu 45 katika kila 100 za upana. Kwa hiyo ubavu wa tairi hili una kimo cha yapata milimita 97. Namba ikiwa ndogo, ubavu ni mfupi. Gari hukata kona kwa ukali, lakini likiingia shimoni, rimu huumia. Herufi R yaonyesha kwamba nyuzi za ndani zimetandazwa kutoka ukingo hadi ukingo moja kwa moja. Utengenezaji huo ulipewa hataza na kampuni ya Michelin ya Ufaransa mwaka 1946, na karibu matairi yote ya motokaa ndogo siku hizi hufuata njia hiyo. Halafu 17 ni kipimo cha rimu kwa inchi, kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Hizo 87 na W ndizo watu huziruka, na kwa motokaa ya nguvu ndizo hasa za kutazamwa. 87 ni namba ya mzigo. Si kilo 87. Ni namba ya orodha, na katika orodha hiyo 87 maana yake kilo 545 kwa tairi moja. 91 ni kilo 615. 94 ni kilo 670. Herufi ya mwisho yaonyesha mwendo ambao tairi laweza kustahimili likiwa zima na limejazwa upepo sawasawa: S ni kilometa 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210, V ni 240, W ni 270, na Y ni 300. Angalieni kwamba H imeruka nje ya mfuatano wa alfabeti. Wanafunzi wengi hukosea hapo.

Kijana atasema: mimi siendi kilometa 240, ya nini kulipia V? Ni kweli haendi. Lakini tairi haliuawi na mwendo wenyewe, huuawa na joto. Kila linapozunguka, ubavu hujikunja na kunyooka, na kujikunja huko huleta moto ndani ya mpira. Tairi la herufi ya juu limejengwa kuvumilia moto huo, na mara nyingi hutulia zaidi kwenye kona. Ukitaka kujua gari lako lahitaji herufi gani, fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mlango mna kibandiko cha mtengenezaji chenye kipimo cha tairi na upepo wake, na herufi utaipata katika kitabu cha gari. Usishuke chini ya hapo. Kupanda juu ni hiari yako na mfuko wako.

Kwenye matairi yaliyotengenezwa yaweze kuuzwa Marekani utaona maneno mengine matatu. La kwanza ni TREADWEAR na namba yake. Namba kubwa, kama 500, ni ya mpira mgumu unaodumu. Namba ndogo, kama 200, ni ya mpira wa kunata unaoshika sana lakini huisha upesi. La pili ni TRACTION, nayo hupimwa kwa breki kwenye barabara iliyolowa: AA ni bora, kisha A, B na C. La tatu ni TEMPERATURE, yaani uwezo wa kuvumilia joto: A, B au C. Namba ya TREADWEAR hutolewa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo si mizani ya haki kati ya kampuni na kampuni. Lakini inasaidia. Kwa maoni yangu mwenye Altezza ya kwendea kazini na kusafiri mara moja moja hana haja ya mpira wa 200. Atafute wa 300 hadi 400 hivi, wenye TRACTION A au AA na TEMPERATURE A. Na yale matairi ya uwanja wa mashindano, yenye namba 100 au chini yake na mifereji michache, ayaache huko huko uwanjani. Yanataka moto ndipo yashike, na mvua kubwa huyashinda.

Tairi huzeeka likiwa limelala

Sasa tumefika penye jambo ambalo, katika somo hili zima, nawaomba mlishike. Tafuta ubavuni herufi DOT. Baada yake hufuata herufi na namba kadhaa, na mwisho wake pana tarakimu nne. Tarakimu mbili za kwanza ni juma la mwaka. Mbili za mwisho ni mwaka. 3524 maana yake tairi lilitoka kiwandani juma la 35 la mwaka 2024. Zikiwa tatu tu badala ya nne, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na mahali pake ni kupandia maua.

Mara nyingi tarakimu hizo huandikwa upande mmoja tu, na gari likiwa limevaa, upande huo waweza kuwa ule wa ndani. Usipoziona, usiseme hazipo. Geuza tairi.

Kwa nini tujishughulishe na umri? Kwa sababu hewa na joto hula mpira hata kama gari halitembei. Mpira hukauka, hupoteza ulaini wake, na ndani huanza kuachana na nyuzi zinazoubeba. Kashata zaweza kuwa ndefu kama siku ya kwanza, na tairi likawa limekwisha kufa. Watengenezaji wengi hushauri kwamba baada ya miaka 5 ya matumizi tairi likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe hata kama laonekana zima. Uingereza, tangu tarehe 1 Februari 2021, sheria imekataza matairi yenye zaidi ya miaka 10 kuvalishwa magurudumu ya mbele ya malori na mabasi.

Wengi wenu, au watoto wenu, mmewahi kumwona katika filamu za mbio za magari mchezaji aitwaye Paul Walker. Alifariki tarehe 30 Novemba 2013 huko Santa Clarita, jimbo la California, akiwa abiria katika Porsche Carrera GT, moja ya motokaa zenye nguvu sana duniani. Wachunguzi walitoa taarifa yao mwaka 2014. Hawakukuta ubovu katika mitambo. Sababu waliyoitaja ni mwendo: gari lilikuwa likienda kilometa 130 hadi 150 kwa saa hivi, mahali palipowekewa kikomo cha maili 45, yaani kilometa 72. Lakini waliandika na jambo la pili. Matairi ya gari lile yalikuwa na umri wa miaka 9. Mtu mwenye uwezo wa kununua gari kama lile hakukosa fedha za matairi manne. Gari lilikuwa halijatembea sana, na kwa macho matairi ya gari la namna hiyo huonekana bado.

Hebu sasa tuwasikilize mnunuzi na muuzaji. Wanafunzi wawili wasome kwa sauti.

MUUZAJI: Karibu, kaka. Haya ya Japani, hayajatembea kabisa. Tazama kashata zilivyo.

MNUNUZI: Ahsante, kaka. Kashata naziona. Naomba uligeuze nione upande wa pili.

MUUZAJI: Upande wa pili ni ule ule tu.

MNUNUZI: Huku DOT imekatika, haina tarakimu za mwisho. Geuza, kaka, tafadhali.

MUUZAJI: Haya, hilo.

MNUNUZI: 4114. Juma la 41, mwaka 2014.

MUUZAJI: Lakini halijatumika, kaka! Lilikaa stoo.

MNUNUZI: Nakuamini halijatumika. Lakini limezeeka. Na huu mlima uliochorwa hapa?

MUUZAJI: Hiyo si nembo ya kampuni?

Tusimcheke muuzaji. Huenda hasemi uongo. Naye hakupata wa kumfundisha kusoma bidhaa yake. Hata ule mng'ao wa matairi ya mitumba ni dawa tu ya kupaka. Wazee wa pwani walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ukilazimika kununua tairi lililotumika, basi lisilipwe kabla halijavuliwa kwenye rimu. Tia mkono ndani upapase. Kiraka ubavuni, uvimbe kama jipu, mpasuko, au waya unaochoma kidole, lolote katika hayo latosha kulikataa. Chunguza pia kama mifereji imechongwa upya kwa kisu cha moto. Kuna matairi ya malori yaliyoandikwa REGROOVABLE, ambayo yametengenezwa na mpira wa akiba kwa kazi hiyo. Tairi la motokaa ndogo halina akiba hiyo. Anayelichonga analikaribia uzi, na mwendo wa kasi utamaliza kazi aliyoianza.

Hesabu ya bei

Neno bei nafuu watu hulipima dukani, siku ya kununua. Tulipime kwa miezi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, tairi la mitumba lauzwa shilingi 60,000 na litadumu miezi 10. Jipya la wastani lauzwa shilingi 180,000 na litadumu miezi 40. Gawanyeni. La kwanza lakula shilingi 6,000 kwa mwezi. La pili shilingi 4,500. Bei za mjini kwenu ziwekeni ninyi wenyewe, lakini njia ya hesabu ni hiyo. Na hatujahesabu siku ya pancha njiani, wala hospitali.

Hata hivyo sisemi mtu anunue tairi la bei kubwa kuliko yote. Majina makubwa kama Michelin, Bridgestone na Yokohama yamejipatia sifa kwa haki. Lakini kati yao na tairi lisilo na jina kuna nafasi pana ya katikati: Hankook na Kumho za Korea Kusini, Nankang ya Taiwan, Apollo ya India, na nyingine. Jina moja laweza kuwa na tairi zuri na tairi baya, kwa hiyo usinunue jina, soma ubavu. Kama tairi limetoka soko la Ulaya, laweza kuwa na karatasi ya kibandiko yenye herufi. Tangu Mei 2021 herufi hizo ni A hadi E. Angalia ile iliyo chini ya picha ya tairi na mvua: hiyo ni ya kushika kwenye maji. Mimi ningekubali kupoteza herufi moja mahali pengine popote, lakini si hapo.

Njia nzuri ya kupunguza gharama ni kipimo cha rimu, na wengi hawaijui. Altezza nyingine zilitoka kiwandani na 205/55R16, nyingine na 215/45R17, kufuatana na aina. Pigeni hesabu ya kimo cha tairi zima, rimu pamoja na ubavu wa juu na wa chini. La inchi 17 lafika milimita 625; la inchi 16 lafika milimita 632. Tofauti ni kama milimita 7, ambayo kipimo cha mwendo hakitaiona. Basi mwenye rimu za 17 zilizopindapinda aweza kutafuta rimu za 16 zinazoenea kwenye breki za gari lake. Tairi la kipimo hicho kwa kawaida ni rahisi zaidi, hupatikana kwa urahisi, na ubavu wake mrefu huzistahimili barabara zetu zenye mashimo. Hasara yake ni kwamba gari halionekani la kishujaa sana mbele ya marafiki. Wengine hufanya kinyume: hupanda hadi rimu za 18 na 19 zenye ubavu kama ukanda wa suruali, halafu hulia kila wanapopita shimo.

Kama fedha zinatosha matairi mawili tu, yanunue yanayofanana na yavalishe nyuma. Najua mafundi wengi huyaweka mbele, na watabishana nawe. Waeleze hivi: matairi ya mbele yakiteleza kwenye maji, gari hukataa kona na kwenda mbele, nawe ukiondoa mguu kwenye mafuta huweza kulirudisha. Ya nyuma yakiteleza, gari hugeuka nyuma mbele, na dereva wa kawaida hana muda wa kufanya chochote. Ukiona ubavuni neno ROTATION na mshale, mshale uelekee gari linakokwenda. Ukiona OUTSIDE, upande huo ukae nje.

Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa namba ya kile kibandiko cha mlangoni. Usikubali desturi ya kupunguza upepo kwa sababu ya jua. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi, na tumeona kwamba kujikunja ndiko kunakoleta moto. Chini ya mifereji tafuta vinundu vidogo. Juu ya tairi alama ya TWI huonyesha vilipo. Vina kimo cha milimita 1.6, na kashata zikilingana navyo tairi limekwisha kisheria katika nchi nyingi. Kwa motokaa yenye mwendo, na kwa masika yetu, ni afadhali kubadili zikifika milimita 3.

Kazi ya juma hili

Nendeni wawili wawili mahali magari yanapoegeshwa, mwombeni mwenye gari ruhusa, na msome tairi moja. Andikeni daftarini msitari mkubwa wote, na tarakimu nne za DOT kama zinaonekana. Kisha mjibu: rimu ni ya inchi ngapi? Lilitengenezwa juma gani na mwaka gani? Lina alama ya mlima au halina?

Wasiopata gari watumie hili: 205/55R16 91V, DOT ikiishia na 2223. Tafuteni kimo cha ubavu kwa milimita, na mzigo ambao matairi manne ya namna hii yanaweza kubeba kwa pamoja. Mwalimu atakuta majibu kuwa milimita 113, baada ya kukamilisha sehemu, na kilo 2,460. Yule atakayekuta gari lenye matairi yaliyopita miaka 10, amwonyeshe mwenyewe tarakimu hizo kwa adabu, na amsomee.